Jioni Tulipoomba Kutukanwa

Chela wangu, mtoto wangu wa pekee,

Sanduku lako limeshafungwa, kwa hiyo sitakuandikia habari za sabuni, wala blanketi, wala kuchemsha maji ya kunywa. Hayo uliyajua tangu bweni la Form One, na ukiyasahau wauguzi wenzako watakukumbusha. Nimeshika kalamu kwa sababu nina furaha inayokataa kulala. Wewe ndiye uliyeileta, na kesho asubuhi katika kelele za kuondoka sitaweza kuisema. Nitalia tu na kukuambia ufunge vifungo vya sweta.

Najua mambo ya jioni hii uliyaona kwa macho yako. Lakini wewe ulikuwa upande wa mdomo, mwanangu, na mimi nilikuwa upande wa sikio. Nataka uyasome kutoka huku kwangu.

Acha nianze na mapenzi, hata kama utafunika uso kwa aibu. Mama yako ana miaka thelathini na minane, alibaki mjane ukiwa darasa la tatu, na tangu Aprili ni bibi arusi. Bibi arusi, Chela! Nikifua shati la Harish nanusa kola kwanza. Nikisikia pikipiki yake ikipinda kona ya posho mill, moyo unaruka kama kuku aliyeona mtu na mahindi. Nilidhani mambo haya ni ya wasichana wa rika lako. Kumbe moyo haujui kuhesabu miaka.

Hujawahi kuniuliza tulivyokutana. Ulisema tu, "Ni sawa, mama. Nakutakia kila la heri," kama mtu anayesoma kadi dukani. Basi nitakuambia bila kuulizwa.

Nilikuwa karani bado, nimesimama na karatasi zangu kwenye kituo cha kununua majani ya chai, na mizani ilikuwa imekwama. Wakulima walikuwa wamejipanga na vikapu vyao, wamekasirika, majani yanaanza kupata moto. Kiwandani wakatuma fundi. Akaja mwanamume mrefu, Mhindi, masharubu mazito, mafuta meusi hadi kwenye viwiko, anaongea Kipsigis kama amezaliwa kwetu Ndanai. Akafungua mizani, akaitazama kwa huruma kama daktari. Halafu jua lilipozama akaacha kazi katikati! Akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akanawa tena kwa sabuni, akaenda kusimama pembeni akitazama milima ya Kisii.

"Fundi!" mama mmoja akapiga kelele. "Umepoteza spana huko juu?"

"Naitafuta," akajibu bila kugeuka. "Ngojeni, karibu nipate."

Watu wakacheka. Mimi nikamfuata kwa hasira, kwa sababu mimi ndiye ningeulizwa juu ya majani yaliyoungua. Nikamkuta ameunganisha viganja kifuani, macho yamelainika. Nikamuuliza anamsalimia nani. Akanielekeza kwa kidevu. Pale juu ya mlima, kwenye wekundu uliobaki, palikuwa na mwezi mwembamba kama kipande cha ukucha. Nilitazama mara tatu ndipo nikauona.

"Leo ni Bij," akasema. "Siku ya pili ya mwezi mpya. Mama yangu hajala tangu asubuhi, anaungoja."

"Na wewe?"

"Mimi nilikula mandazi saa nne. Lakini usimwambie."

Halafu akasema neno ambalo limenimaliza mpaka leo. Alisema mwezi ukiwa mzima hata mlevi anauona, haumhitaji mtu. Lakini huu mdogo usipotafutwa, unaingia nyuma ya mlima na hakuna aliyejua kwamba ulikuja. Kisha akageuka akanitazama usoni, akanitazama kidogo zaidi ya ilivyo lazima. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwao, ukishauona mwezi wa Bij, hutakiwi kuteremsha macho kwenye tope au kwenye ukuta. Unatafuta uso wa mtu unayemtakia heri, na huo ndio uso wa kwanza kuuona katika mwezi mpya. Siku ile sikujua. Nilijua tu kwamba nilirudi nyumbani nikachoma ugali, mimi ninayesonga ugali tangu nina miaka saba.

Basi huyo ndiye Harish. Na tulipooana nikaingia nyumba hii ya Sotik, nyuma ya maduka, nikamkuta mama yake, tunayemwita Ba, yaani mama kwa lugha yao. Mjane kama nilivyokuwa mimi, mdogo wa mwili, sari nyeupe, na sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Watu waliniambia atanitesa. Wamama wa kanisani waliniuliza kama nitaacha kuja Jumapili. Wacha nikuambie, siku ya Jumapili Ba ndiye huniamsha: "Rael! Mungu yako nangoja, wewe nalala!" Na kila mwezi ikifika Bij mimi ndiye humtayarishia sahani yake: maziwa kidogo na sukari, mchele, ua moja. Yeye hufunga kutwa. Jioni tunasimama uani, anaumwagia mwezi maziwa kidogo kidogo chini, anaunganisha mikono, anaomba kwa sauti ya chini, halafu anatafuta uso. Wakati wote huwa anamtazama Harish, mwanawe. Harish ananitazama mimi. Mimi, unajua nilikuwa natazama wapi? Nilikuwa natazama upande wa barabara ya kwenda Ndanai, ambako ulikuwa kwa kogo yako, mama wa marehemu baba yako. Sikuwa na uso wako hapo, kwa hiyo nilitazama njia yako.

Sasa nikuambie kilichokuwa kinaniuma ndani ya furaha hii yote. Ni adabu yako.

Ulipotoka kwa kogo ukaja kukaa nasi, kila mtu alikusifu. Ulikula kila ulichopewa, hata karela, zile mboga chungu za Ba, na ukasema, "Asante sana kwa chakula." Ulikunja blanketi kila asubuhi kona kwa kona. Ulimwita Harish "Bwana Harish". Akiingia sebuleni, ulisimama umpishe. Ulipovunja kikombe uliomba msamaha mara nne, ukataka kununua kingine. Mimi nikiulizwa sokoni unaendeleaje, nilisema kwa kujivuna, "Mtoto wangu hana shida hata kidogo." Nilikuwa nimelewa furaha, Chela. Niliona mtoto ananyamaza, nikaita hiyo amani.

Harish ndiye aliyeona. Siku moja alikaa kitandani, soksi moja mkononi, akasema, "Rael, huyu mtoto anaishi hapa kama yuko lojing'i. Anaogopa kuacha alama."

"Si ni tabia nzuri?" nikamjibu.

"Nzuri. Lakini mtu wa lojing'i siku akiondoka, harudi."

Neno hilo liliingia mwilini kama baridi ya Julai. Kuanzia hapo nilianza kuhesabu moyoni: huyu ataondoka kwenda chuo cha uuguzi, likizo zake atazimalizia kwa kogo, atanitumia kadi ya Krismasi iliyoandikwa vizuri, na mimi nitakuwa mama wa kadi. Niliogopa sana. Na sikujua nianzie wapi, kwa sababu mtu mkorofi unaweza kumgombeza, lakini mtu mwenye adabu utamshika wapi?

Ndipo ikafika wiki hii ya mwisho. Unajua mvua yetu. Ikifika saa tisa mawingu yanashuka kutoka Kericho kama mtu aliyevuta pazia, na hata mlima wa Kisii huuoni. Siku ya Bij ilinyesha. Ba alifunga akangoja, akaelekea magharibi, akaomba bila kuona kitu, akanywa maziwa na kula ndizi, akakataa chapati. Siku iliyofuata ikanyesha tena, akakataa tena chapati. Harish hakuwepo kwa sababu mashine ya kukausha majani iliharibika, akawa analala huko huko kiwandani. Mimi nikaona Ba anazidi kunyauka, nikaapa: mwezi huu nitauona mimi, na mimi ndiye nitakayempelekea habari. Nilitaka anipende, mwanangu. Bibi arusi ni bibi arusi hata akiwa na mvi mbili.

Leo jioni mvua ikakatika. Nilikuwa naanua nguo. Nikainua macho, na woi! Mwezi! Umekaa juu kabisa, umeoshwa, unang'aa. Kweli niliona ni mnene kidogo kuliko ninavyoujua, na uko juu zaidi. Nikajiambia ni kwa sababu mvua imeusafisha. Niliziangusha shuka zote kwenye matope nikakimbilia ndani.

Ba alikuwa amekaa chumbani, madirisha yamefungwa, pazia limevutwa. Nikadhani ni huzuni. Nikamwambia, "Ba, njoo, nina zawadi." Akakataa kwa kichwa. Nikamwinua. Alisema kitu kwa Kigujarati, nikacheka. Nikamfunika macho kwa viganja vyangu, nikamwongoza hatua kwa hatua hadi katikati ya uani kama mtoto, nikamgeuza magharibi, nikamwinua kidevu, nikaachilia.

"Tazama!"

Akatazama. Halafu akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika Longisa.

"Wewe nafanya nini! Leo hapana angalia! Leo hapana! He Ram! He Ram!"

Wewe ulitoka jikoni ukiwa na mwiko mkononi, ukasimama mlangoni. Ba alikuwa amefunika uso kwa sari. Mwishowe akaniambia, nusu Kiswahili, nusu Kipsigis. Mwezi wa siku ya pili ni baraka. Lakini kila mwaka kuna mwezi mmoja, huu wa sasa hivi, ambao siku yake ya nne ni sikukuu ya Ganpati, mungu wao mwenye kichwa cha ndovu. Zamani Ganpati alishiba vitamu, akaanguka njiani na tumbo lake, na mwezi ukamcheka. Akaulaani: atakayeutazama siku yake hii ataitwa mwizi bila kuiba. Ndiyo maana alikuwa amejifungia! Kila mwaka watu wenye akili hujificha jioni hiyo moja, na mimi nilimtoa mama mkwe kwa mikono yangu, tena nikamwinua kidevu.

"Iko dawa?" nikamuuliza.

"Iko," akasema, bado amefunika uso. "Tupa jiwe juu ya nyumba ya jirani. Jirani nakasirika, natukana wewe. Tusi nakula laana."

Basi hapo ndipo mama yako, karani wa zamani, mwanachama wa kikundi cha akina mama kanisani, aliokota jiwe. La kwanza lilipotea, likaangukia kibanda cha kuku. La pili likalia juu ya mabati ya Mama Akinyi kama bunduki.

Mama Akinyi, wewe unajua ulimi wake. Anauza omena, alikuja kutoka upande wa ziwa na hajawahi kushindwa maneno kwenye soko hili. Niliwaza, tumepona, huyu atatuosha mara moja. Akatoka na ufagio.

"Ni nani anapiga mabati yangu! Nyinyi watoto wa..." Halafu akamwona Ba. Ufagio ukashuka. "Ah! Ni Ba! Pole Ba, nilidhani ni watoto. Karibu. Nimeweka chai."

Ba alikuwa amesimama ameinamisha kichwa kama mgonjwa anayengoja sindano. Akaniangalia. Nikasema, "Mama Akinyi, tutukane."

"Nini?"

"Tutukane, tafadhali. Ni dawa."

"Yawa! Nimtukane mama mzima hivi? Na nguo nyeupe hivi, kama malaika? Mungu si atanichoma!"

"Jaribu tu."

Akajikuna kichwa. Akashika kiuno. Akasema, "Haya. Nyinyi... nyinyi ni watu wabaya kidogo."

"Hapana kidogo!" Ba akafoka.

"Mnakula pilipili kama mnazima moto!"

"Hiyo si tusi, Mama Akinyi," nikamwambia. "Hiyo ni kweli."

Mwenye bucha wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameshatoka, na wateja wake wawili, na kila mmoja akatoa ushauri. Mmoja akasema Ba ni mfupi. Ba akasema anajua. Mama Akinyi akaanza kucheka, akakaa kwenye ngazi yake, akasema, "Aki siwezi. Huyu mama alinipa dawa ya kikohozi mtoto wangu akiwa mgonjwa. Tusi linakwama hapa kooni."

Ndipo nikakugeukia wewe. Nilikuwa bado nacheka, sikujua nafungua nini. Nikasema, "Chela, njoo utusaidie. Wewe una mdomo wa shule."

Ukasema, kwa ile sauti yako ya kukunja blanketi, "Sina cha kusema, mama. Asante."

Asante! Nilisikia lile neno, na kicheko kikakauka. Nikakufuata hadi mlangoni. Nikakuambia, "Hata leo? Unaondoka kesho, na hata leo huna cha kuniambia?"

Ulinitazama. Taya lako lilitetemeka kama la baba yako alipokuwa akizuia hasira.

"Unataka nikutukane?"

"Ndiyo."

"Mwizi," ukasema, polepole.

Watu wa bucha wakapiga makofi. Walidhani ni mchezo. Lakini mimi nilikuwa karibu, niliona macho yako.

"Mwizi! Ulichukua koti la mvua la baba, ukampa yeye! Nimeliona hapo mlangoni tangu siku ya kwanza nilipoingia. Kila asubuhi analivaa mbele yangu, na wewe unamfunga vifungo, unacheka! Kama ulitaka bwana, si ungeolewa naye akiwa na nguo zake mwenyewe? Hukuweza kuniachia hata koti?"

Hakuna aliyecheka tena. Ba akanyoosha kidole juu, akasema kwa mshangao, kama mtu aliyeona fundi mzuri akimaliza kazi, "Unaona? Mwizi! Mwezi hapana ngoja hata saa moja."

Mwanangu, nisikilize hapa. Wewe ulidhani umeniumiza. Baadaye uliniomba msamaha, na ndiyo maana naandika. Unajua nilihisi nini? Nilihisi kama wakati ule ulipozaliwa ukakaa bila kulia, mkunga akakupiga mgongoni, na ghafla ukalia, na chumba kizima kikasema ahaa. Nilikaa chini kwenye matope, juu ya shuka zangu, nikacheka na kulia. Miezi yote hiyo ulikuwa umebeba koti hilo la mvua kifuani, ukiniambia asante kwa chakula!

Nilikuambia lilipo. Koti la baba yako analo kogo, mama yake, huko Ndanai. Aliniomba siku ya mazishi, ndilo huvaa akikamua alfajiri, na hulikunja kabla hujaamka kwa sababu hataki kukuliza. Hukuamini. Ukaingia ndani, ukalitoa lile la mlangoni, ukalileta kwenye mwanga. Ukageuza mkono wake wa kushoto, kwa sababu wewe na mimi peke yetu tunajua kwamba baba yako aliuchoma kwenye ekzosi ya trekta. Ulikuwa mzima, bila alama. Kiwanda kilikuwa kinawapa wafanyakazi wote koti la aina moja, madereva kama baba yako na mafundi kama Harish. Ulilishika muda mrefu. Ba ndiye aliyesema: "Sasa chapati."

Akala, Chela. Akala tatu, na wewe ndiye uliyemkaangia, na hukusema asante wala hukuomba ruhusa ya kuchukua samli. Uliichota kwa kijiko kikubwa. Nilikuona.

Sikuandikii haya ili nikufundishe kwamba adabu ni mbaya. Huko uendako utawahudumia wagonjwa, na utaihitaji kila siku. Ninachojua ni kile kilichonitokea mimi: nilikuwa na furaha nyingi kiasi kwamba sikutaka kuuliza swali linaloweza kuichafua. Nilikuona kimya nikapita, kama wale wanaongoja mwezi uwe mzima ndipo wainue macho. Siku utakapopenda mtu, na utapenda, Mungu akupe mtu wa kukuunguzisha ugali, utasikia raha ikikuziba masikio. Nilikuwa kiziwi wa namna hiyo. Na wewe ukiwa na kitu kooni, usikikunje kona kwa kona. Kitupe juu ya mabati yetu. Tutatoka.

Sasa ile sehemu ninayotaka kuiandika polepole, kwa sababu nikiifikiria mkono unakimbia.

Harish alifika tukiwa bado jikoni. Uliona alivyosimama mlangoni, amejaa matope, kofia mkononi, hathubutu kuingia. Akasema, "Ba, nimekosa. Nimetoka kiwandani nimechoka, nimesahau ni siku gani. Macho yalienda yenyewe."

"Umeangalia?" Ba akauliza.

"Nimeangalia. Tena nikauambia karibu."

Ba alicheka hadi akashika ukuta. Harish akageuka kwenda kutafuta jiwe. Mimi nikafungua mdomo nimwambie kwamba jirani amegoma kutukana, lakini wewe ulinitangulia.

"Ngoja," ukasema.

Ulikuwa umekaa kwenye kigoda. Hukusimama kumpisha. Ulifuta mikono kwenye nguo, ukainuka taratibu, ukaenda hadi mbele yake, karibu kuliko ulivyowahi kumkaribia. Nami nikakamata meza. Sisi huku, Chela, mgeni tunamheshimu, na adui tunamkwepa. Anayetukanwa usoni kwa utani ni mtu wako peke yake: babu yako, shemeji yako, mtu mnayekula naye sufuria moja. Harish anajua hivyo, amekulia hapa. Niliona amesimama wima kama kijana anayeenda kusomewa matokeo.

"Wewe Harish," ukasema. Lile neno "Bwana" lilikuwa limekwenda! "Wewe fundi wa kubahatisha. Masharubu kama brashi ya viatu. Unakoroma mpaka panya wa Mama Akinyi wamehama. Chai yako ni maji ya kuoshea sufuria, nimeinywa tangu nije hapa nikisema asante, na ilikuwa uongo."

Hakucheka. Midomo yake ilikuwa inatetemeka chini ya hayo masharubu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Imetosha?"

"Ongeza!" Ba akasema kutoka kwenye jiko. "Yeye naangalia muda mrefu!"

Ukafikiri. Nilikuona ukifikiri, mwanangu.

"Na kesho," ukasema, "kama hutanibebea sanduku langu mpaka mlango wa chuo, ukae ndani na wazazi wengine wakisomewa sheria, basi usiniite mtoto wako tena."

Yeye hajawahi kukuita mtoto wake, Chela. Hata siku moja. Alikuwa anaogopa.

Amekaa kitandani hapa nyuma yangu, anapiga rangi viatu vyake vya arusi. Ameshavipiga mara mbili, na ameniuliza tena kama wazazi wengine huvaa tai.

Mimi ni mama yako, mwizi wa uongo, mwenye furaha ya kweli,

Rael wa Harish